Mtani wa Plasta

Jirani yao Rebeka alichungulia juu ya ukuta wa matofali, mswaki mdomoni, akasema Plasta amekufa.

Mama Mihayo alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anashona viroba vya mawe. Wachimbaji humletea viroba vilivyochanika, yeye anaviosha tope, anaviziba, vinarudi shimoni.

"Plasta yupi?"

"Wa kwenye tivii. Kwani kuna Plasta wangapi? Kaanguka jana Kahama, jukwaani. Watu wamecheka weee, mpaka mbavu zinawauma, ndiyo wanakuja kugundua mwenzao hachekeshi."

Sindano ya gunia ikapitiliza kwenye kidole cha shahada. Mama Mihayo akakinyonya, akatema pembeni.

"Alikuwa amekunywa nini?"

"Eh, wewe nawe." Rebeka akatema povu. "Mtu kafa, badala ya pole unauliza kanywa nini."

Lakini Mama Mihayo alijua anachouliza. Geita nzima ilimpenda Plasta. Aliigiza mchimbaji asiye na bahati: akichimba huku, dhahabu inatoka kule, akijificha kivulini, jiwe linamfuata kivulini. Ndiyo maana hakukosa plasta juu ya jicho la kushoto. Alikuwa Msukuma wa Shinyanga ndani ndani, na Kiswahili chake cha kuburuza kiliwafanya watu wa huku wajione kwenye tivii bila kuona haya. Kisha likaja tangazo la Nyundo, kinywaji cha kuongeza nguvu. Plasta anachimba, anachoka, anashika kifua, anasema, "Nakufa mimi," anaanguka chali. Wenzake wanammiminia Nyundo mdomoni, kichupa chekundu kidogo, naye anaruka na kupasua mwamba. "Amka, chapa kazi," wanaimba wote. Watoto waliimba hivyo wakienda shule.

Kwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, Nyundo ilinywewa kama maji, kwa kuwa inafukuza usingizi na njaa kwa mpigo mmoja. Mihayo, mwanawe wa pekee, alikuwa kijana wa karasha. Alisema anakunywa moja tu, tena siku za kazi nzito. Mama yake alivikuta vichupa ndani ya gambuti, kwenye dari, hadi kwenye mfuko wa shati la kanisani. Mama akishaanza kunusa nguo za mwanawe, amani imekwisha humo ndani. Alimwona anakonda, alimwona anakodoa macho gizani wakati wenzake wanakoroma, na kila alipomuuliza alijibiwa, "Mama, unanihisi vibaya tu."

Mihayo alitoka ndani amevaa shati jeupe. Juu ya jicho la kushoto alikuwa amebandika plasta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hiyo usoni umeumia wapi?"

"Sijaumia. Ya msiba. Mji mzima leo tunabandika."

"Na kazini?"

"Karasha limefungwa. Tajiri katupa ruhusa tumlilie Plasta."

Mama Mihayo akaweka kiroba chini. Mwaka jana baba yake Mihayo alipozikwa, tajiri huyo huyo alimpa kijana ruhusa ya nusu siku, tena akanuna. Leo anafunga karasha kwa ajili ya mchekeshaji.

"Msiba uko wapi?"

"Pale karibu na stendi. Eustace kaweka turubai, viti, spika, kila kitu. Mimi ndiye nimechaguliwa kuigiza anavyoanguka." Akatabasamu. "Wanasema nafanana naye kuliko wote."

Eustace alikuwa wakala wa Nyundo. Mama Mihayo akammiminia mwanawe chai na kumkabidhi kikombe, akimtazama mkono. Chai ilitetemeka, ikamwagikia kwenye sahani. Mihayo akaona kwamba ameonwa, akakishika kwa mikono miwili.

"Usiende, mwanangu."

"Mama, ni msiba. Nani anamkataza mtu msiba?"

Akaondoka.

Kidole kilikuwa kinavuja bado. Akakifunga kwa kitambaa, akachukua kimoja cha vile vichupa, akaenda duka la dawa la Heena.

"Nipe plasta moja."

"Zimeisha, Mama Mihayo," Heena akasema. "Tangu asubuhi. Nimeuza boksi zote, na wenye maduka wa Kalangalala wote wameishiwa. Wanabandika pasipo na kidonda."

Mama Mihayo akaweka kichupa juu ya kioo cha kaunta. Heena akakitazama, halafu akatazama mlangoni.

"Wanakuja hapa," akasema chini chini. "Vijana wadogo. Moyo unawapiga mpaka shati linacheza. Nawaambia waache hiyo kitu, wao wanataka dawa ya kushusha, wakanywe tena kesho. Mimi kwenye friji yangu haingii."

"Basi twende ukayaseme hayo msibani. Wewe una duka, watakusikiliza."

Heena akachukua kitambaa akaanza kufuta kioo kilichokuwa safi. "Hii fremu nimepanga kwa nani, unajua?"

Mama Mihayo hakujua. Sasa akajua kwamba ni ya Eustace.

Akatoka hapo kwenda kwa bwana afya. Bwana Marselino alikuwa anafunga ofisi. Mlango ulikuwa umezuiwa kwa katoni tupu usijifunge, katoni nyekundu ya Nyundo, na bwana afya mwenyewe alikuwa na plasta juu ya jicho.

"Shikamoo, mama. Fupisha, nawahi msiba."

"Marahaba. Nataka kujua kama kinywaji hiki kimepimwa."

Marselino akakigeuza kichupa. "Unaona hii alama? Kikishakuwa na alama, kimepimwa."

"Alama hata mimi nikipewa sindano naishona."

"Umesoma mpaka wapi, mama?"

"La saba."

"Basi. Daktari kasema Plasta kafa kwa presha. Presha."

"Presha imeletwa na nini?"

"Presha inajileta." Akamrudishia kichupa. "Ukitaka kulalamika, lete maandishi, risiti ya dukani, chupa isiyofunguliwa na mgonjwa mwenyewe."

"Mgonjwa mwenyewe kafa jana."

"Huyo ni wa Kahama. Siyo wa kwangu." Akaisukuma katoni kwa mguu, akafunga mlango.

Spika za msibani zilisikika hadi pale. Mtu alikuwa anaimba "Amka, chapa kazi" kwa sauti ya kwaya, taratibu, kama wimbo wa Ijumaa Kuu. Mama Mihayo akasimama juani na kitambaa chake chenye damu. Mwenye duka kafungwa mdomo na fremu, mwenye ofisi kafungwa na katoni. Mama mshona viroba akisimama mbele ya kadamnasi na kumwita Eustace muuaji, atatolewa kwa kusukumwa, kisha ataitwa polisi akaeleze.

Hapo ndipo alipokumbuka kwamba yeye ni Mgogo.

Aliolewa Usukumani kutoka Kongwa, na Wagogo na Wasukuma ni watani. Kwenye msiba wa Msukuma, Mgogo anaruhusiwa kumtukana marehemu, kuwasema wafiwa, kukamata kitu na kukikalia mpaka akombolewe. Hakuna wa kumgusa wala wa kumkasirikia, maana anayemkasirikia mtani ndiye mwenye aibu. Alipofariki baba mkwe wake, Mama Mihayo mwenyewe alikalia kifuniko cha jeneza mpaka ukoo ukamkomboa kwa kuku. Na Plasta alikuwa Msukuma wa Shinyanga. Kumbe mdomo wa Mama Mihayo ulikuwa na ruhusa, tena ya wazee.

Alirudi nyumbani, akatoboa kiroba matundu ya kichwa na mikono, akakivaa juu ya gauni. Akajipaka majivu usoni, akachukua mwiko.

Turubai lilikuwa limejaa. Mbele, badala ya maiti, walikuwa wameweka picha kubwa ya Plasta na kuizungushia maua ya karatasi. Chini ya picha, chupa ya Nyundo ilionekana vizuri kuliko uso wake. Pembeni katoni zilipangwa hadi kifuani mwa mtu. Watu walilia kweli. Wanaume wazima wenye plasta machoni walifuta kamasi kwa mikono. Wengine walinong'ona kwamba labda ni kiki tu, Plasta atatokea kesho kwenye tivii akicheka.

Eustace alishika kipaza sauti. "Jamani, kila mmoja atapewa chupa moja, bure. Tutafungua pamoja, tutakunywa pamoja, kumuaga mwenzetu. Kisha kijana wetu Mihayo atatuonyesha jinsi Plasta alivyokuwa anaanguka."

"Acheni kwanza," Mama Mihayo akasema kutoka nyuma. "Mwenye maiti nimefika."

Watu wakageuka. Wakaona kiroba, wakaona majivu, wakaona mwiko.

"Mgogo huyo," mzee mmoja akasema, na kicheko kikaanza. "Tumekwisha, kaja kuomba."

"Niombe nini kwenu, walaji wa michembe ya viazi? Mmelia mpaka mmechacha." Akapita katikati ya viti akigonga watu vichwani kwa mwiko, nao wakainamisha vichwa wagongwe vizuri. Alipofika mbele akageukia picha. "Na wewe mjinga. Umechimba miaka yote hukupata dhahabu, mwisho umechimba kaburi lako, tena kwa kunywa."

Wakaangua kicheko. Mihayo alikuwa amesimama mbele, mkono mdomoni, hajui acheke au afiche uso.

Mama Mihayo akapanda akakaa juu ya katoni. "Nimekamata. Hizi hazitoki."

"Mkomboeni," watu wakapiga kelele.

Eustace akachomoa noti akamnyooshea, anatabasamu, kwa kuwa watu walikuwa wanarekodi kwa simu. Mama Mihayo akaipokea, akajipangusia jasho nayo, akamrudishia.

"Mgogo gani anakataa hela?" mzee akauliza, na watu wakashika mbavu.

"Mgogo mwenye mtoto," akasema. "Nisikilizeni. Plasta hakuuawa na presha. Kauawa na hiki nilichokikalia, na aliyewawekea turubai ndiye aliyemnywesha. Alishika kifua, mkacheka. Alisema nakufa, mkamwambia amka, chapa kazi. Na watoto wenu wanashika vifua makarasha yote. Mimi wangu namsikia."

Alisema bila kubadilisha sauti, neno kwa neno kama alivyotaka kumwambia bwana afya. Akangoja.

Kicheko kilichofuata kilitikisa turubai. Mama mmoja alianguka kutoka kwenye kiti. "Huyu mtani ni hatari," wakasema. "Kampita hata Plasta mwenyewe." Bwana Marselino, mstari wa mbele, alikuwa anapiga makofi kichwa kimerudi nyuma.

Mama Mihayo akazitazama zile nyuso zenye plasta. Ruhusa aliyoazima kwa wazee ndiyo iliyomziba mdomo. Kwa mtani, kila neno ni mzaha. Ukizidi kusema kweli ndivyo unavyozidi kuchekesha.

Akachomoa sindano ya gunia kwenye kilemba, akapasua katoni, akaanza kufungua vichupa na kumwaga chini kimoja kimoja. Walishangilia kila kimoja.

Eustace akamwinamia kana kwamba anamkumbatia, kipaza sauti kimezimwa. "Utani una mwisho, mayu, mama yangu. Kijana wako karasha anafanya kwa nani? Muulize tajiri wake anakula sahani moja na nani." Akasimama wima, akawasha kipaza sauti. "Mtani kamwaga, jamani. Haina shida. Shusheni nyingine kwenye gari."

Katoni zikashushwa. Vichupa vikapita mkono kwa mkono, vikafunguliwa kwa mlio mmoja. Mama Mihayo aliruka kutoka juu ya katoni, lakini Mihayo alikuwa ameshafuta mdomo.

"Nakufa mimi," Mihayo akasema kwa Kiswahili cha kuburuza. Akashika kifua, macho yakamtoka, magoti yakalegea, akaanguka chali mbele ya picha.

Kweli alikuwa anafanana naye. Watu walicheka huku wanalia. "Amka, chapa kazi," wakaimba, "amka, chapa kazi." Mihayo hakuamka. Ulimi ulionekana kidogo kati ya meno. Mama yake akapiga magoti kwenye tope la Nyundo, akaweka kiganja kifuani mwake, na umati ukazidi kucheka, mtani na maiti wake.

"Mihayo. Mwanangu."

Jicho moja likafunguka. "Mama," akanong'ona bila kusogeza midomo, "unaniharibia. Bado kidogo nasimama. Lakini umewachekesha."

Hakuondoa kiganja. Chini yake moyo ulikuwa unakimbia kama karasha lililokosa mawe, unasaga hewa, unajigonga wenyewe.

"Inuka, mama, wapishe," Eustace akasema kwenye spika.

Hakuinuka. Walicheka, wakachoka, wengine wakaanza kutazamana, naye bado amekaa chini na kiroba chake, kiganja kifuani mwa mwanawe. Mihayo akajaribu kujiinua, mama yake akamrudisha chini. Halafu akambandua plasta iliyokuwa juu ya jicho. Palikuwa pazima, hapana hata mkwaruzo. Akafungua kitambaa kwenye kidole chake cha shahada, damu ikachuruzika, na mbele yao wote akaibandika plasta pale penye kidonda.