Mikanda Niliyoifua

Hutaamini. Naapa hutaamini, lakini nilikuwepo: bunduki inayotema risasi mia tano kwa dakika ilinyamazishwa na sabuni. Tena sabuni yangu mimi!

Tuko Ufaransa, mwaka 1916, ndani ya mahandaki, sisi Wakanada wa kikosi cha rashasha. Koplo Tranter anafyatua, mimi nalisha ule mkanda wa turubai wenye vifuko vya risasi. Jumatatu kuna mkubwa anakuja kukagua. Tranter akanusa mikanda, akakunja uso.

"Hobart, si mama'ko dobi wewe? Hebu ifue hii, inanuka kama soksi za bibi yako!"

Nikafua yote, ya rashasha zetu zote nne. Maji ya moto, sabuni, nikasugua haswa, nikaanika. Mkubwa akasifu. Kichwa kikanivimba!

Jumanne asubuhi wenzetu wanane wakatoka handakini, sisi tuwakinge kwa risasi. Ta-ta-ta. Kimya. Tranter akagonga mpini. Ta. Kimya.

"Lisha, mjinga wee!"

"Nalisha, Koplo!"

Nikavuta risasi moja kwa vidole. Wapi! Turubai limenywea, vifuko vimebana kama kiatu cha mtoto.

Walitoka wanane. Wakarudi watatu.

Saa nne hiyo Kapteni Moncrieff akaja amefura. "Mashine gani hizi, takataka! Zote nne zirudishwe nyuma leo hii. Kesho watu watavuka kwenda kwa adui bila hizo."

Kesho! Kaka yangu Lewin ni wa kesho. Avuke bila rashasha ya kumkinga?

Nikamtazama Tranter. Alishajua, macho yameganda kwenye mkanda. Ana watoto watatu, na usajini kausubiri miaka sita. Akaninong'oneza, "Tulia, dogo. Bunduki haina mdomo."

Nitulie vipi? Nikasimama wima.

"Afande! Bunduki ni nzima. Ni mikanda, niliifua, imebana."

"Umefua mikanda? Kwa amri ya nani?"

Tranter akainama, akaanza kukunja mkanda.

"Ya kwangu mwenyewe, afande," nikajibu mimi.

Rashasha zikabaki, zikapewa mikanda mipya. Kesho yake zilipiga kutwa nzima, na Lewin akavuka salama. Mimi nikapewa adhabu ya siku ishirini na nane, kila siku saa mbili nafungwa kamba kwenye gurudumu la mkokoteni, watu wananiona. Tranter akapata usajini wake. Alikuwa anapita pale pale, haniangalii, anaharakisha.

Wewe je, ungemtaja?