Msiba wa Tele Supamaketi

Raheli aliliua duka kubwa kuliko yote Ipagala siku ya Jumatatu, asubuhi, huku akipanga sabuni.

Ieleweke mapema kwamba hakukusudia. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Buigiri, mwenye sauti nzito ya kwaya, na kwa miaka sita alikuwa kibarua wa Tele Supamaketi. Kibarua maana yake kila Jumamosi unaambiwa "tuonane Jumatatu", nawe unashukuru kama mtu aliyesamehewa kosa. Miaka sita! Watoto wamezaliwa, wamenyonya, wameanza shule, yeye bado anaonana na watu Jumatatu. Lakini Ijumaa ya wiki hiyo mkurugenzi, Bwana Mustapha, angekuja kutoka Dar es Salaam, na Henry, meneja wa tawi, alikuwa amemwapia kwamba mkobani mwa mkurugenzi mtakuwa na mkataba wake wa ajira ya kudumu, unasubiri saini tu. Raheli alikuwa hapati usingizi kwa furaha.

Basi Jumatatu hiyo akaingia Kihwele, dereva wa lori la viazi kutoka Iringa. Kihwele ni Mhehe na Raheli ni Mgogo. Kwa asiyejua, hiyo ni habari ya sensa. Kwa anayejua, hao ni watani, na watani wakikutana hawajuliani hali, wanazikana. Kihwele akimkuta Raheli anakula, humhimiza amalize upesi kwa kuwa jeneza limefika. Raheli naye amekwisha kumfukia Kihwele mara nyingi hata makaburi hayakumbuki.

"Mtani," akaanza Kihwele, akiitazama rafu ya sukari iliyokuwa tupu, "mbona hapa peupe? Mmeila wenyewe?"

"Marehemu hali sukari," Raheli akajibu bila kugeuka. "Duka limefariki alfajiri. Tunazika Ijumaa. Wewe na ndugu zako mje na mbuzi, na awe mbuzi kweli, maana nawajua ninyi Wahehe kwa kula mbwa."

Mtani wa kawaida angecheka akaenda zake. Kihwele si wa kawaida. Alivua kofia, akaweka mikono kichwani, akatoka kwa mlango wa mbele akiomboleza kwa sauti ya kupasua mabati: "Uwii! Jamani Tele! Umetuachia nani, Tele wangu!" Alilia mpaka kwenye lori, akapiga honi ndefu ya buriani, akaondoka kwenda kushusha viazi Majengo akiwa ameridhika kabisa na kazi yake. Nyuma aliacha watu kama arobaini wamesimama kwenye maegesho, midomo wazi.

Hao arobaini hawakusikia habari ya mbuzi wala mbwa. Walimwona mwanaume mzima analia. Na hali yenyewe mnaijua, vyuma vimekaza. Barabara ile ile ilikuwa imezika duka la simu na duka la vitambaa ndani ya miezi mitatu, na ile hoteli ya ghorofa ilikuwa imegeuka kanisa, kisha kanisa nalo likahama. Watu wakaingia kuchungulia, wakaiona rafu ya sukari, wakatazamana.

Kufika saa saba mchana habari ilikuwa kwenye magrupu yote ya WhatsApp. Kufika jioni, Ruthu muuza chapati alikuwa anaapa kwamba ameona kwa macho yake friji zikipakiwa, ingawa friji zilikuwa palepale zinaunguruma. Na kwa vile kila mtu alijua kwamba duka likifungwa bidhaa huuzwa kwa bei ya kutupa, kila mtu akaacha kununua ili asubiri bei hiyo. Jumanne keshia Mwanaidi, binti wa Kirangi kutoka Kondoa aliyekuwa shoga wa Raheli, alikaa kwenye mashine yake tangu asubuhi akauza pakiti moja ya njiti za meno.

Henry akashtuka. Akamwita Raheli, kwa kuwa ndiye mwenye sauti, akamkabidhi kipaza sauti. "Kanusha," akasema.

"Wateja wetu wapendwa," Raheli akatangaza, "Tele Supamaketi haifungwi. Narudia, haifungwi."

Mama mmoja aliyekuwa anasukuma kitoroli akasimama. "Mungu wangu," akasema, "kumbe ni kweli." Akarudisha mchele kwenye rafu, unga kwenye rafu, akatoka na mkoba wake. Usimlaumu. Dodoma ni mji wa serikali, watu wake wamelelewa na matangazo, na wanajua kwamba duka lisilofungwa halina haja ya kusema. Henry akaamuru tangazo lirudiwe kila robo saa. Kisha akachapisha bango kubwa, TELE IPO NA ITAENDELEA KUWEPO, akalitundika mlangoni. Watu wakaja kupiga nalo picha, nyuso zimeinama, kama wapigavyo na picha ya marehemu.

Jumatano ndipo msiba ulipoanza rasmi. Mama Zipora, mjane wa mtaa wa pili ambaye hajawahi kukosa kilio cha mtu, aliingia amejifunga khanga kiunoni, akachukua mkeka kutoka kwenye rafu, bei yake ikiwa bado imening'inia, akautandika karibu na majokofu ya samaki. Akakaa, akanyoosha miguu.

"Nimekuja kukaa na ninyi, wanangu," akasema. "Poleni sana."

Wakaja wengine. Mchana wanawake walikuwa wamejaza ushoroba wote wa majokofu, maana huko kuna baridi nzuri, na wanaume wamekaa nje kwenye viti vya plastiki vya kuuzwa, wanacheza bao la kuuzwa. Mzee Zablon, mstaafu wa ofisi ya ardhi ambaye tangu astaafu hakuwa amepata kamati hata moja, akaiunda hapohapo, akajichagua mwenyekiti, akaandika ratiba. Aliandika pia wasifu: "Marehemu alizaliwa mwaka 2017 akiwa mtoto wa nne wa kampuni. Alipenda usafi na kiyoyozi." Akampelekea Raheli, ausome Ijumaa saa nne.

"Shikamoo mzee," Raheli akasema. "Lakini duka halijafa."

"Marahaba mwanangu. Wote huanza hivyo. Kunywa maji kidogo."

Alhamisi Raheli aliona maji yamemfika shingoni. Kesho mkurugenzi anakuja, akute nini? Akute tawi halijauza kitu siku nne na wajane wamelala kwenye samaki? Nani atamsainia mtu mkataba wa kudumu katikati ya matanga? Akapiga moyo konde. Akasimama mbele ya mikeka, akaungama yote: kwamba ni yeye, kwamba ulikuwa utani na Kihwele, kwamba hakuna aliyekufa. Alipofika kwenye habari ya mbuzi, machozi yakamtoka.

Mama Zipora akanyanyuka, akamkumbatia. "Usijilaumu, mwanangu. Kila mfiwa hujiona yeye ndiye kasababisha."

Wanawake wote wakaangua kilio upya. Raheli alipokimbilia ofisini kwa meneja alimkuta Henry amevuta droo, anapanga vyeti vyake vya chuo kwenye bahasha.

"Hivi wewe Raheli," Henry akauliza kwa sauti ya chini, "umesikia nini hasa? Mkurugenzi nampigia tangu jana, hapokei."

Hapo akabakiwa na mtu mmoja tu. Akampigia Kihwele, akamweleza kila kitu. Kihwele alicheka mpaka akaegesha lori pembeni. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, akanena kama mtu mzima.

"Msiba uliokwisha kupata watu hauvunjwi na mfiwa, mtani. Unavunjwa na watani. Kesho nakuja na wenzangu."

Ijumaa saa nne kasoro, Bwana Mustapha aliteremka kwenye gari jeupe, mkoba mkononi, akakuta turubai, viti mistari sita, na Mzee Zablon akimwonyesha pa kukaa na ndugu wa marehemu. Akakaa. Wasifu ulipokwisha kusomwa, ratiba ilisema sasa ni heshima za mwisho, kisha milango ifungwe. Watu wakaanza kujipanga. Ndipo wakatokea Kihwele na Wahehe watano, wamevaa magunia ya viazi, wakajitupa chini, wakalala kifudifudi mlangoni, mmoja kando ya mwenzake.

"Hazikwi mtu hapa!" Kihwele akapiga kelele. "Nani kampima? Nimelala hapa nasikia friji zinakoroma. Wagogo ninyi mnataka kuzika mzima ili mrithi viroba!"

"Tokeni, tuna ratiba," akasema Mzee Zablon.

"Hatutoki mpaka tukombolewe. Na pesa zenu hatutaki. Kila mwombolezaji aingie, anunue kitu cha marehemu, akilipie kwa Mwanaidi, kisha aturuke na mzigo wake. Asiyenunua, mchawi!"

Mahali pengine wangeitiwa polisi. Lakini hakuna mtu mwenye akili timamu anayebishana na mtani msibani, hata kama watani wamelala ndani ya kaburi lenyewe. Mzee Zablon akatazama ratiba yake, akahangaika, mwishowe akaandika kwa kalamu: "Saa 4:15, kukomboa watani." Na watu wakaingia. Kumbuka walikuwa na manunuzi ya siku tano yamewakaa rohoni, nyumbani chumvi imeisha, sabuni imeisha. Wakabeba mchele, mafuta, feni, magodoro. Wakawaruka Wahehe, nao Wahehe wakalalamikia unyayo wa kila mmoja na uzito wake. Mikeka ilinunuliwa wanawake wakiwa wameikalia. Mwanaidi aliishiwa karatasi za risiti mara tatu. Mashine za kutandaza chapati, ambazo hazikuwa zimeguswa tangu duka lifunguliwe, ziliisha. Kufika saa nane rafu zote zilikuwa tupu, na Mama Zipora akafungua khanga kiunoni, akainua mikono.

"Amezinduka!" akatangaza.

Vigelegele vikapasua turubai. Henry akacheza. Raheli akaegemea nguzo akicheka na kulia kwa pamoja, maana tangu manunuzi yaanze Bwana Mustapha alikuwa ameacha kiti chake, amesimama ndani anatazama, na sasa alikuwa anamwita kwa kidole.

Ofisini, mkurugenzi alifunga mlango, akatoa karatasi mbili mkobani. "Soma hii kwanza."

Raheli akasoma. Ilikuwa barua kwa wafanyakazi wote. Tawi la Ipagala litafungwa tarehe thelathini ya mwezi huu. Ilikuwa imeandikwa wiki tatu zilizopita, kabla hajamtania mtu yeyote kuhusu sukari.

"Kumbe kweli," akasema.

"Kodi ya jengo, mauzo, benki, ni hadithi ndefu. Jumatatu mtapewa barua." Akasogeza karatasi ya pili. "Hii ni yako. Ajira ya kudumu, kama Henry alivyokuahidi. Nimebadilisha cheo tu. Nina matawi mengine matatu ya kufunga, maghala yamejaa na hakuna anayenunua. Wewe leo umenimalizia mali yote bila kupunguza bei hata shilingi. Sijawahi kuona. Nataka uende ukafanye hivihivi huko."

Palepale pa "msimamizi wa rafu" palikuwa pamekatwa mstari, na juu yake pameandikwa kwa mkono: "msimamizi wa misiba ya matawi".

"Na wenzangu?"

"Wenzako Jumatatu. Kwa sasa waache wafurahi."

Tusimsingizie Raheli utakatifu. Aliitaka karatasi ile kuliko kitu chochote duniani, na mkono wake uliishika kalamu. Aliona jina lake limechapwa kwa herufi kubwa, akalisoma mara mbili kwa raha. Kisha akasikia aibu, aibu ya kumchoma masikio, akaiweka kalamu mezani. "Naomba dakika mbili," akasema, akatoka.

Nje wenzake walikuwa wanacheza. Kihwele anajipukuta vumbi. Mwanaidi yuko kwenye simu, kidole sikioni kuzuia kelele, anaongea na kaka yake Hamza, ambaye tangu Jumanne alikuwa amemshikia nafasi ya kazi dukani kwake Kondoa. "Mpe mtu mwingine tu, kaka," Mwanaidi alikuwa anasema. "Huku tumeshapona."

"Usikate!" Raheli akamkimbilia. "Mwambie asimpe mtu. Duka linafungwa tarehe thelathini, Mwanaidi. Nimeiona barua kwa macho yangu."

Wote wakamgeukia. Kisha Kihwele akajipiga paja.

"Mgogo huyu! Bado hujachoka tu?"

Kicheko kikalipuka. Henry akamshika Kihwele bega asianguke. Raheli akaapa kwa jina la Mungu, wakazidi. Akaapa kwa mama yake mzazi, Mama Zipora akakaa chini akishika tumbo. Mwanaidi, machozi ya kicheko yakimtiririka, akaweka simu kwenye spika. "Kaka, msikie mwenyewe!"

"Kaka Hamza, nakuomba, mshikie nafasi yake!" Raheli akapaza sauti. "Sitanii!"

Kutoka Kondoa likaja cheko la Hamza, na nyuma yake cheko la watu wengine wengi, wateja wake, ambao kisa cha msiba wa duka walikuwa wakikifuatilia tangu Jumatano.

"Mwambie arudie," akasema Hamza. "Huku nyuma hawajasikia."

Raheli akarudia.