Mkwe Wangu na Mashine ya Dizeli

Nzai, mume wa binti yangu Dhahabu, alikuwa hasemi nami moja kwa moja. Si kwa kiburi, ni adabu. Kwetu Mtongwe mama mkwe hajibizwi. Nzai akiwa na neno humwambia Dhahabu, na Dhahabu huniambia mimi, hata kama nimekaa hatua mbili kutoka hapo na nimeshasikia lote.

Mwaka wa themanini na saba, wakiwa wanaishi kwangu na Dhahabu ana mimba ya kwanza, Nzai alipata kazi ya kukata nyasi kwenye hoteli moja ya ufukweni. Ilikuwa ya majaribio, mwezi mmoja. Akifaulu, kazi ni yake na mtoto atazaliwa baba ana kazi. Akishindwa, basi. Nyasi zenyewe zilikuwa nyingi, fyekeo haliziwezi, kwa hiyo akataka mashine. Barakat, mwenye duka la mashine kuukuu kule Likoni, alikuwa nazo mbili: moja ndogo ya petroli, ya kuwashwa kwa kuvuta kamba, nyingine kubwa ya dizeli, ya kuzungusha mkono.

"Mwambie mama," Nzai akasema, "naomba kuiweka ile ya petroli bandani, pamoja na mafuta yake."

Banda liko ubavuni mwa jiko langu, nami saa hiyo nilikuwa nachoma mahamri.

"Petroli na moto wangu huu?" nikasema. "Si bora hiyo ya dizeli? Malori yote yanakwenda kwa dizeli, na yanabeba saruji."

Nikageuza hamri. Wallahi nilisema tu, kama mtu asemavyo leo kuna joto. Mimi mashine nazijulia wapi?

Siku ya tatu dizeli ikaingia uani juu ya mkokoteni, nzito kama ng'ombe aliyekataa kwenda. Kila alfajiri baada ya sala Nzai akaisukuma kwenda kazini, jioni akairudisha, visu vimejaa nyasi mbichi.

"Yafaa?" nikauliza.

"Anasema yafaa, alhamdulillahi," akajibu Dhahabu.

Nikajiona mtu mwenye rai.

Sasa, kila Ijumaa mimi hufagia lile banda, na mtungi wa dizeli huuinua nipitishe ufagio. Ijumaa ya kwanza ulikuwa mzito. Ya pili, mzito vilevile. Ya tatu nikauweka chini nikakaa juu yake nikafikiri. Mashine gani hii, inakula nyasi kutwa nzima na haisikii kiu?

Jioni Dhahabu akimmiminia mumewe maji ya kunawa, nikatupia jicho. Viganja vimejaa malengelenge, mengine yamepasuka. Malengelenge yale nayajua. Marehemu mume wangu alishika fyekeo miaka ishirini.

Nikamwita binti yangu jikoni.

"Abee, mama."

"Mumeo anakata nyasi na nini?"

Akaanza kupanga vikombe vilivyokwisha pangwa.

"Dhahabu."

"Na fyekeo, mama."

Akanieleza, huku akitazama mlango. Kule hotelini chini ya nyasi ni mchanga mtupu. Dizeli ile ilizama siku ya kwanza, magurudumu yakachimba mitaro kwenye bustani, na moshi ukawaendea wageni wakinywa chai. Gershom, Mtaita anayesimamia bustani, alikuwa mpole, lakini alimwambia: mwisho wa mwezi nyasi ziwe sawa, au tuagane. Basi Nzai huificha mashine nyuma ya nyumba ya dobi, anafyeka tangu alfajiri, na hamalizi. Jioni anapaka visu nyasi, anaisukuma mpaka nyumbani.

"Anazipaka?"

"Ili uone inafanya kazi."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Akuambie nini, mama? Kwamba umekosea?"

Kufikia mwisho wa mwezi zilibaki siku tisa.

Asubuhi nikamwachia jirani mahamri, nikajitanda buibui, nikaenda kwa Barakat.

"Bi Mwanamkasi, mimi nilimwonya!" akasema Barakat. "Nikamwambia, chuma hiki na mchanga wa pwani havipikiki chungu kimoja. Akanijibu, 'Mama kesha sema.' Nikadhani ana mama fundi wa meli!"

"Cheka tu. Utaipokea tena?"

"Nitaipokea. Kuna mtu wa Changamwe ana uwanja wa udongo mgumu, anataka mashine kama hiyo. Nikupe ile ya petroli?"

"Nipe," nikasema, kisha nikaushika ulimi wangu. Nilikuwa narudia yale yale! "Ngoja. Atakuja mwenyewe achague."

Jioni nikamwita Nzai kwa jina, bila kupitia kwa Dhahabu. Akasimama wima kama askari.

"Labeka, mama."

"Lile neno la dizeli nililisema na hamri mkononi. Nilikosea. Barakat anaipokea. Chagua utakayo."

"Usiseme hivyo, mama." Alikuwa akiuambia mchanga, macho chini. "Mama mwenyewe waonaje?"

"Sioni kitu."

"Labda kuna dizeli ndogo kidogo..."

Dhahabu akacheka mpaka akashika tumbo. Mimi nikageuza kigoda nikatazama ukuta, nikajifunika leso kichwani.

"Mimi sipo," nikasema. "Zungumza na mkeo."

Wakanong'ona weee. Halafu Nzai akasahau kunong'ona.

"Petroli, Dhahabu! Nyepesi ile, naipandisha ngazi za hoteli peke yangu. Ni kweli inakunywa zaidi, na dizeli hudumu, lakini dizeli ni ya ardhi ngumu, mahali pasipo watu wanaokula. Hii navuta kamba mara mbili imewaka, na mchanga haiuchimbi!"

Sauti yake nzuri, nzito. Mwaka mzima ndani ya ua wangu, sikuwa nimeisikia.

"Anasema petroli," akaniambia Dhahabu.

"Nimesikia. Mtongwe nzima imesikia."

Siku ya mwisho ya mwezi Gershom alivua viatu akapita juu ya nyasi zile, akamwambia aendelee. Kazi ile ndiyo iliyolea wajukuu wangu watatu. Lakini mimi ninachokikumbuka zaidi ni jioni mashine ilipofika. Nilitaka kumfurahisha, nikamwambia mtungi wa petroli auweke palepale bandani, nitauangalia moto wangu.

Nzai akatazama banda, akatazama jiko, akatazama makuti juu yake. Sikumharakisha. Mtu aliyepika maharagwe maisha yake yote anajua kungoja.

"Hapana, mama," akasema. "Petroli haikai na moto. Nitajenga kibanda kule mwisho wa ua, penye kivuli."

"Hapana?"

"Hapana, mama." Jasho lilikuwa likimtiririka.

"Basi hapana," nikasema, nikaenda kumshikia miti ya kibanda.