Mafiga Mbele ya Wageni

Siku ya wageni Telesphori alivaa soksi ndefu, akapaka viatu rangi, akapanda juu ya kifusi kilichosawazishwa kando ya shimo la dhahabu. Benchi lilikuwa limeshafutwa vumbi. Wageni waliteremka garini wakijipepea kwa kofia, wakaketi, naye akajikohoza.

Mwaka ule wa hamsini na mbili kazi yake ilikuwa utambulishaji. Meneja wa mgodi alitaka maneno machache, na Telesphori, kijana wa shule ya misheni, alikuwa fundi wa maneno machache. Alianza na kilima: kinaitwa Nyabulanga, ni cha kale kuliko vilima vyote vya jirani. Akaja kwa watu: ni Wasukuma na Wazinza, wakulima hodari, wapenzi wa ng'ombe na ngoma. Akaja kwa mtemi: ni wa ukoo mkongwe, tena rafiki wa serikali. Kisha akafunga kwa sentensi ya nne, ambayo meneja aliipenda kuliko zote.

"Na hapa tulipo hapakuwa na mtu. Palikuwa pori tupu mpaka mgodi ulipofika."

Aliyesema hayo alizaliwa papo hapo, karibu na lilipowekwa benchi. Ulimi hauna mfupa.

Kila alipoitamka sentensi hiyo, mafiga matatu yalichomoza ardhini mbele ya wageni. Yalitoka taratibu, yana masizi, yangali na joto. Wageni waliinua miguu kuyapisha. Benchi lilipokuwa dogo, wengine waliyakalia. Jioni vibarua waliyabeba, na meneja akayajengea ukuta wa klabu, akisema jiwe lililozoea moto halina ubishi na fundi.

Mafiga hayo yalikuwa ya watu waliohamishwa. Siku ya kuhama walitaka kuyachukua, kwa sababu kwao mtu hahami akaacha mafiga yake, lakini dereva wa lori alisema hapakii mawe. Mafiga yakabaki, kifusi kikayafunika. Tangu hapo, huko ng'ambo ya bonde walikopelekwa, hakuna chungu kilichochemka. Moto uliwaka, kuni zikaisha, maji yakabaki ya baridi. Watu walikula kwa ndugu na jamaa, na mgeni wa kila siku mnajua anavyotazamwa. Paskalia, mama yake Telesphori, aliona haya kudoea sahani za watu, akawa anatafuna mihogo mibichi kwa meno yaliyomsalia. Alikuwa amekonda mpaka kanga ikamzunguka mara mbili.

"Mashiga yangu hayajatoka?" alimuuliza mwanawe kila Jumapili baada ya misa.

"Bado, mayu."

"Yakitoka nitayajua. Figa moja lina pengo. Baba yako alilipiga shoka akipasua kuni, siku uliyozaliwa."

Meneja hakuwa na kinyongo. Alisema mwenye mafiga na aje ayachukue, mradi Telesphori amtambulishe mbele ya wageni, kwamba huyu ni fulani, alikaa hapa, na haya ni yake. Hakutaka wizi mgodini. Lakini Telesphori aliona wazi kwamba utambulisho kama huo ungeichinja sentensi ya nne, na aliyekwisha ahidiwa nyumba ya matofali hachinji sentensi ovyo. Mkewe, Generosa, alikuwa ameshashona mapazia. Basi kila aliyekuja kuulizia mafiga aliambiwa aje wiki ijayo.

Kumwambia mama yake hivyo hakuweza. Alipomwona amejishikiza kwenye ukuta wa kanisa ili asimame, alipiga moyo konde. "Kesho njoo, mayu. Nitakutaja wewe na baba."

Paskalia akaja, chungu kichwani, unga na samaki wakavu ndani yake, maana alikusudia kupika siku hiyohiyo. Akakaa mwisho wa benchi. Telesphori akatambulisha kilima, akatambulisha watu, akatambulisha mtemi. Akamtazama mama yake. Akamtazama meneja, aliyekuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Na hapa tulipo," alisema, "hapakuwa na mtu. Palikuwa pori tupu."

Mafiga yakachomoza miguuni pa Paskalia. Moja lilikuwa na pengo.

Mgeni mmoja akauliza, "Na mama huyu ni nani?"

"Ni mpishi," alijibu Telesphori. "Tumemleta awapikie wageni."

Paskalia akajifunga kanga kiunoni, akaokota vijiti, akakoka moto, akainjika chungu. Mgeni hajamaliza sigara, maji yalikuwa yanatokota. Wageni wakala, wakasifu. Meneja akamwandika kazi palepale, na kwa kuwa mafiga ya mpishi ni mali ya jikoni, na jiko ni mali ya mgodi, hayakuhama tena.

Telesphori alipewa nyumba ya matofali. Generosa akatundika mapazia, akateleka maji. Hayakuchemka. Akaongeza kuni mpaka ukuta mpya ukawa mweusi, na maji yakabaki ya kisimani.

Alhamisi iliyofuata, mchana, Telesphori alichukua bakuli akasimama nyuma ya vibarua mbele ya mafiga ya mama yake. Kwa watu wa kule mtu hapakuliwi kabla hajasema ni mtoto wa nani, na Paskalia hakuiacha desturi kwa sababu ya kazi ya watu.

"Ng'wana nani?"

"Ng'wana Lubinza," alisema kibarua aliyetangulia.

"Karibu."

Ikafika zamu yake. Wageni wa siku hiyo walikuwa wameshaketi, na meneja alisimama karibu, anasikiliza.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Ng'wana nani?"

Hakuuliza kwa hasira. Alimuuliza kama anavyoulizwa mpita njia. Telesphori alimtupia meneja jicho.

"Mimi ndiye mtambulishaji," alisema.

"Asiye na kwao hula mwisho," alisema Paskalia. Akawapakulia wote waliobaki nyuma yake, kisha akamkwangulia ukoko.

Telesphori aliula akiwa amewapa watu mgongo. Alipomaliza alifuta mdomo, akapanda kifusi. Siku hizi sentensi zilikuwa tano: kilima, watu, mtemi, pori tupu, na mpishi hodari tuliyempata papa hapa.

Alipofika ya nne, mafiga ya jirani yao wa zamani yakachomoza. Wageni wakainua miguu.