Kila Mahali Duniani, Isipokuwa Modogashe

Mwaka wa 1943 serikali ilituletea lori linalosema. Kipaza sauti kikubwa kilifungwa juu ya kichwa chake, na aliyekisemea alikuwa Korane, mkalimani wa Bwana Disii, mtu ambaye hata salamu alizitoa kama anagawa sadaka. Tulikusanywa kwenye visima vya Modogashe tumsikilize. Tulikuwa tumekuja kutafuta maji, na visima vilikuwa vinatoa tope tu.

Bwana Disii, Mzungu mkuu wa wilaya, aliketi chini ya mwavuli. Korane akatangaza kwa Kiboran kwamba Roosevelt, Rais wa Amerika, rafiki wa mfalme wetu, ametoa hotuba kubwa. Binadamu wote wanastahili uhuru wa namna nne: kusema watakalo, kumwabudu Mungu kwa njia yao, kutokuwa na shida, na kutoishi kwa hofu. Kila alipotaja mmoja alipaza sauti: "Kila mahali duniani!" Bwana Disii akawa anaitikia kwa kichwa, ungedhani hotuba kaitunga mwenyewe.

Mimi Wato nilipiga miayo. Mume wangu, Jatani, alisikia kitu kingine kabisa. Kwetu Waboran sheria haikai kwenye karatasi. Inatamkwa mkutanoni, mbele ya watu, inarudiwa, na ikishatamkwa imemfunga kila mtu, akiwemo aliyeitamka. Hii ilikuwa imetamkwa na kurudiwa, tena mkubwa ameketi hapo hapo anaitikia.

Mashariki ya visima serikali ilikuwa imetutenga kwa mawe yaliyopakwa chokaa. Wasomali walishe huko, Waboran huku. Bulle, Msomali aliyekuwa rafiki wa Jatani tangu ujana, alikuwa ametutumia neno kwamba kwake mvua imenyesha, dimbwi limejaa, tupeleke ng'ombe. Tuliomba ruhusa ya kuvuka, tukafukuzwa ofisini kama mbwa. Ng'ombe wetu walishaanza kuanguka. Ni mmoja tu aliyekuwa bado anatoa maziwa, Gurati, mweusi mwenye baka jeupe begani, na maziwa yake ndiyo yaliyomweka hai binti yangu mchanga, Madina.

"Kesho tunavuka," Jatani akasema.

"Hayo ni maneno ya Amerika, baba Madina."

"Yametamkwa hapa. Nani wa kuyafuta?"

Nilitaka kubishana, lakini Gurati alikuwa anaramba jiwe kavu. Tukavuka. Bulle alitupokea kwa mikono miwili, ng'ombe wakanywa mpaka matumbo yakavimba, na nakiri nilifurahi. Furaha yenyewe ilikatishwa na askari waliokuja kutukamata.

Barazani Bwana Disii aliuliza nani alimpa Jatani ruhusa. Jatani alimjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Wewe."

"Mimi?"

"Wewe nasema mbele ya watu. Kila mahali ya dunia. Hii Modogashe si dunia?"

Watu wakaangua kicheko. Masikio ya Bwana Disii yakageuka mekundu, akasema ile ilikuwa hotuba, si sheria, na mtu mzima anapaswa kujua tofauti.

"Sasa kama si sheria, wewe naita sisi kwa nini? Sisi naacha ng'ombe kwa jua, nakuja."

Swali zuri, na jibu lake lilikuwa faini ya ng'ombe. Askari waliingia zizini kuchagua. Waliokonda hawakuwataka. Walimfunga Gurati kamba na kuondoka naye, mimi nikiwafuata kwa matusi mpaka sauti ikanikauka.

Baada ya hapo Madina aliishi kwa maji ya unga. Akawa mwepesi hata nikimbeba mgongoni nilimpapasa kuhakikisha yupo.

Kisha lori likarudi. Safari hii waliokuja nalo ni wageni wa Bwana Disii, kulikuwa na ushindi fulani wa vita huko ng'ambo, na tuliambiwa kuna karamu. Korane alikuwa na sahani ya nyama mkononi, akinikaribisha kwa tabasamu.

"Kula, abaayo, dada yangu. Leo serikali inalisha watu. Si ulisikia? Hakuna tena shida."

Nyuma yake ngozi ilikuwa imetandazwa juani, imekazwa kwa vigingi. Nyeusi, baka jeupe begani. Mtoto alikuwa amenilalia mgongoni bila hata kulia.

"Korane," nikasema kwa Kiboran, kwa sauti ya kufika mpaka kwenye mwavuli, "hii nyama ni hotuba au ni sheria?"

Waboran wote waliokuwa wanatafuna wakaacha kutafuna. Mzee mmoja akairudisha nyama yake kwenye sinia. Bwana Disii akageuka, akamuuliza Korane yule mama anasema nini.

Korane akasafisha koo.

"Anashukuru, bwana."

Na Bwana Disii akaniitikia kwa kichwa.