Siku Thelathini za Tangi

Katika ukoo wetu wote, kuanzia Mwala hadi hapa mtaani Tena, mimi ndiye wa kwanza kushiriki mtihani wa uinjinia wa kompyuta wa chuo kikuu. Naandika haya bila majivuno. Sehemu yangu ya mtihani ilikuwa kupanda ngazi na kuchovya kijiti ndani ya tangi la maji.

Aliyekuwa akiusomea huo uinjinia hasa ni mjukuu wangu Mutheu, binti wa Nzilani, mwanangu. Miaka mitano ya chuo. Masharti ya kumaliza aliyabandika kwenye mlango wa kabati la vyombo, na mimi nikawa nayasoma kila nikitoa sufuria, maana nilifika darasa la saba na miwani ninayo. Masomo yote yapite, hata lile la hesabu alilolirudia mara mbili, ambalo niliambiwa ni siri. Miezi mitatu ya kufanya kazi kwenye kampuni, na kitabu cha kila siku kipigwe muhuri. Maktaba iseme haimdai kitabu. Maabara iseme haimdai waya. Halafu sharti la mwisho: atengeneze chombo cha kompyuta kwa mikono yake, na kijaribiwe siku thelathini na mtu asiye na ujuzi wowote wa kompyuta.

"Susu, nimefikiria nitamwomba nani," akaniambia. Susu ni nyanya kwa Kikamba chetu.

"Ukanifikiria mimi."

"Nilikuwa nimeshamaliza kufikiria kabla sijaanza."

Chombo chenyewe ni kijisanduku kama kile cha mafuta ya kujipaka, kina nyaya mbili na kitaa chekundu. Kilifungwa chini ya kifuniko cha tangi la ploti yetu ya vyumba vya kupanga. Kazi yake ni kupima maji kila asubuhi na kuweka kumbukumbu kwenye kadi iliyo ndani. Mwalimu wake, Daktari Odongo, mtu mwembamba wa kusema polepole, alikuja mwenyewe akakibandika karatasi ya gundi na kuitia sahihi, ili mtu yeyote asichungulie kabla ya siku, hata Mutheu.

Kazi yangu mimi: kila asubuhi saa kumi na mbili nipande, nichovye kijiti kilichotiwa alama, niandike kwenye daftari. Tupu, robo, nusu, robo tatu, au jaa. Siku ya mwisho daftari na kadi vilinganishwe. Vikikubaliana siku ishirini na saba kati ya thelathini, Mutheu amemaliza chuo. Vikikataa, arudie mradi na darasa la mwakani. Orodha ya mahafali ilikuwa inafungwa Ijumaa ya wiki hiyo hiyo.

"Susu, usinicheze," akaniambia akirudi hosteli kuandika ripoti yake. "Hiki ndicho kitu pekee kilichobaki."

"Mimi?" nikamwambia. "Nikucheze?"

Tulianza tarehe mosi Septemba. Siku kumi za kwanza nilipanda kama mbuzi. Kijiti mkononi, kalamu imechomekwa kwenye nywele chini ya kitambaa, mahali ninapoweka kalamu tangu shuleni. Nilikuwa mfano.

Tarehe kumi jioni Nzilani akapiga simu kutoka Buruburu, kwamba amenunua televisheni. Nikaenda kuiona. Ni televisheni kubwa, haionekani yote kwa siku moja. Nilirudi tarehe ishirini asubuhi.

Niliacha tangi limejaa, nikalikuta limejaa. Sasa mtu mwenye akili timamu aulize maji yalikuwa wapi katikati? Na jirani hakuna aliyeniambia kitu. Maji yakirudi, watu wa Tena hawaongei, wanafua. Kule kwa Nzilani wana kisima chao, na habari zilikuwa zinakuja saa ile ile ya mchezo niliokuwa nikiufuatilia.

Nikajipikia chai nikaketi na daftari. Siku tisa niliziandika kwa kikombe kimoja. Ili zisifanane nilitumia kalamu tatu, ya bluu, ya nyeusi na ya kijani. Tarehe kumi na tatu nikaidondoshea chai kidogo. Na kwa kuwa kuandika "jaa" mara tisa kunachosha, nikaongeza maelezo. Tarehe kumi na nne niliandika hivi: "Limejaa hadi linamwagika. Kezia amefua mablanketi matatu." Kezia ni jirani yangu wa mlango wa pili. Niliona atafurahi kutajwa chuo kikuu.

Tarehe mosi Oktoba Daktari Odongo akaja. Tukaweka meza pale uani, karibu na tangi. Kezia alikuwa akianika nguo. Mutheu alikuwa amevaa blauzi nyeupe na alikuwa hajala tangu jana. Mwalimu akakagua sahihi yake kwenye gundi, akabandua, akatoa kadi, akaitia kwenye kompyuta yake. Nikampa daftari kwa mikono miwili, akamsogezea Mutheu alisome.

"Tarehe mosi, mashine inasema robo tatu," akasoma. "Daftari?"

"Robo tatu," Mutheu akajibu.

Walikwenda hivyo hadi tarehe kumi. Hakuna kosa. Niliona Mutheu ameanza kupumua, nikamimina chai.

"Tarehe kumi na moja. Mashine, nusu."

Mutheu akafuata mstari kwa kidole. "Daftari, jaa."

"Kumi na mbili. Mashine, tupu."

"Jaa."

"Kumi na tatu, tupu."

"Jaa. Hapa kuna chai."

Waliendelea mpaka kumi na tisa. Kuanzia ishirini wakapatana tena hadi mwisho. Mwalimu akahesabu kwa kidole. Siku tisa zimekataa, na ruhusa ilikuwa tatu.

"Ni unyevu," Mutheu akasema. "Nilijua ile gundi ya nyaya haitoshi. Ni kosa langu, daktari. Nitarudia mwakani."

Nikamwangalia. Hapo nilikuwa na nafasi nzuri ya kusema jambo. Nikasema jambo lingine.

"Daktari, hebu mwongezee siku."

"Kanuni haina kuongeza, mama. Wewe ulipanda mwenyewe, kila asubuhi?"

"Kila asubuhi. Magoti ni shahidi."

Mwalimu akavuta daftari, akafungua ukurasa, akarudia kusoma kitu bila uso kubadilika. Halafu akainuka, akaenda kwenye ngazi ya tangi. Hakupanda. Alisimama pale chini akatazama ule mguu wa chuma.

"Hii chaki ni ya nini?"

Mutie, keateka wetu anayetunza ploti, yeye hukosana na mwenye ploti kila mwezi kuhusu maji. Kwa hivyo kila siku tangi likikauka, huchora mstari kwenye mguu wa tangi na kuandika tarehe, ili wakikutana awe na ushahidi. Ni pale pale unapokanyaga kuanza kupanda. Mtu anayepanda kila asubuhi angeiona ikiongezeka; mimi niliporudi niliipita bila kuisoma.

"Mistari minane," mwalimu akasema. "Tarehe kumi na mbili hadi kumi na tisa." Akarudi akaketi. "Mama, mimi nakaa Umoja. Bomba kubwa linalotuletea maji sote lilipasuka. Wiki hiyo nilifundisha bila kunyoa."

Nikasogeza sahani ya mandazi karibu naye.

"Mashine imesema tupu siku nane," akamgeukia Mutheu. "Chaki inasema nane, siku zile zile. Kumi na moja maji yalikuwa yanaisha, kwa hivyo nusu ni sawa. Chombo chako hakijakosea hata siku moja." Akachukua fomu ya masharti, akaweka sahihi kwenye mstari wa mwisho. "Ipeleke leo. Usingoje Ijumaa."

Mutheu akaweka uso mezani akalia, halafu akacheka, halafu akalia tena. Nilidhani mambo yameisha. Nikaanza kukusanya vikombe.

"Mama," mwalimu akasema, "haya mablanketi matatu yalikauka?"

"Upesi sana, daktari. Kulikuwa na jua."

Kezia akatoa kichwa katikati ya shuka. "Mablanketi ya nani? Wiki hiyo hata vikombe nilipangusa na kitambaa! Na wewe si ulikuwa Buruburu?"

"Buruburu nilipita tu."

Mutheu aliinua uso. Akavuta daftari, akapindua kurasa taratibu: bluu, nyeusi, kijani. Kwenye ile ya kijani akasimama.

"Susu, wino wa kijani ni wa ofisini kwa mama."

"Wino wa kijani unauzwa kila mahali."

Akainuka. Alizunguka meza, akainua pembe ya kitambaa changu, akachomoa kalamu kwenye nywele zangu, akaishika juu mwalimu aione. Ilikuwa ya kijani, na jina la ofisi ya Nzilani limeandikwa ubavuni.