Jagi la Nareyu

Germana alichovya kidole kwenye jagi, akaramba, akakunja uso. Utamu mtupu. Mtoto anaharisha tangu juzi, na mkamwana anamnywesha sharubati.

Tangu mwanawe Lazaro alipooa Ngorongoro na kumleta Naisenya hapa Mbulumbulu, Germana alimtazama kwa jicho la pembeni. Hata mjukuu kapewa jina la Kimasai, Nareyu. Naisenya alidai kipimo kilitoka kwa nesi: maji lita moja, sukari vijiko sita, chumvi nusu kijiko. Nusu! Germana, aliyefuga tangu usichana, alijua ng'ombe aliyelegea huamshwa kwa chumvi. Anayembania mtoto chumvi ana lake jambo. Naisenya alipokwenda kuchota maji, bibi akaongeza vijiko vitatu vya kujaa, akamnywesha mtoto kikombe kizima.

Kufika saa nane, macho ya Nareyu yalikuwa yamezama na midomo imekauka kama ganda la haragwe. Naisenya akaonja jagi, akatema.

"Mama, nani ameongeza chumvi?"

"Waniuliza mimi? Mchanganyaji si wewe?"

 Naisenya alimpigia simu mtu wa bodaboda, kisha akainua kipande cha kiazi kutoka kwenye beseni. Germana alikuwa ameviloweka viazi vyake asubuhi kwa maji ya chumvi, visiwe vyeusi. Kipande kilining'inia kama kitambaa.

"Hiki kilikuwa kigumu," alisema taratibu. "Nesi alituonyesha kliniki. Utando wa ndani ya utumbo huchagua cha kupitisha. Chumvi kidogo na sukari huvuka pamoja, maji yakazifuata mwilini. Chumvi ikizidi, maji ya mwilini ndiyo yanayotoka kuifuata."

Germana alitamani uwe uongo. Lakini kiazi alikikata mwenyewe, na chumvi aliitia kwa mkono wake. 

Pikipiki ikasimama uani. Naisenya akamfunga mtoto mgongoni kwa khanga, akapanda.

"Zahanati wataniuliza amekunywa nini, Mama. Niwajibu vipi?"

Angeweza kunyamaza. Lazaro angemwamini mama yake, na lawama ingemwangukia mgeni.

"Vijiko vitatu," Germana alisema. "Vya kujaa. Kikombe kizima, saa nne."

Naisenya akasogea mbele kwenye kiti.

"Panda, Mama. Ukawaambie mwenyewe."

Germana akapanda. Mtoto alikuwa katikati yao, akihema upesi upesi kifuani pa bibi yake. Njia ilipoanza kuteremka, Germana akamshika mkamwana kiunoni, kwa mara ya kwanza tangu harusi. Naisenya hakuutoa mkono ule, wala hakuushika.